Matroni na Vumbi la Wenyewe

Kama mtu anafanya kazi kila siku na mashine ya kopo, kwa nini aniambie mimi ninunue mashine ya mfuko?

Swali hilo lilininyima usingizi karibu mwezi mzima. Nililala chali katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Busia, upande wa Uganda, nikisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, na kila nilipofumba macho niliziona mashine mbili za kufyonza vumbi zimesimama mbele yangu kama washtakiwa. Moja ina mfuko ndani: vumbi linaingia mfukoni, mfuko ukijaa unautoa na kuweka mwingine. Nyingine haina mfuko: vumbi linazunguka ndani ya kopo la plastiki angavu, likijaa unalifungua na kulimwaga. Ya kwanza itakudai mifuko maisha yake yote. Ya pili haidai mfuko, lakini ina vichujio vya kuosha na kukausha, na siku vikichoka hakuna anayejua utavipata wapi.

Mama alikuwa ameuza mtamba wake aliyefugwa kwa shangazi huko Sikuda ili ninunue mojawapo. Mojawapo tu. Hakukuwa na mtamba mwingine, na mimi nilikuwa na shahada ya uchumi isiyonipatia kazi.

Aliyenishauri ni mwanamke ninayemwita Matroni, kwa sababu sijawahi kusikia akiitwa vinginevyo. Alikuwa jirani yetu kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Tororo. Zamani alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Alipostaafu alianza kazi ambayo hakuna mtu mwingine mjini aliyeifanya: kuzunguka na mashine yake kusafisha mazulia ya watu. Na alipoamua kuacha, alinirithisha mteja wake mkubwa, gesti moja yenye zulia katika kila chumba. Mwenye gesti alikubali kunijaribu kwa sharti nije na mashine yangu. Nilimwomba Matroni aniuzie yake.

"Hii? Hii nakufa na mimi," alisema. "Wewe nunua ya mfuko. Ya mfuko, umesikia?"

Nilisikia. Ndiyo maana sikulala.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye soksi nyeupe hata kwenye jua kali, na kiunoni alining'iniza shada la funguo. Zilikuwa funguo za mabweni ambayo alikwisha kuyaacha, na kwa kadiri nilivyojua hazikufungua kitu chochote duniani. Lakini ukizisikia zikilia nje ya ua, unajikuta umekaa wima. Mama yangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alikuwa akizisikia anaficha vyombo vichafu.

Hakuingia nyumbani kwa mtu kama watu wengine wanavyoingia. Alisimama mlangoni kwanza, akanusa. Halafu aliinua mto wa kochi, akatazama chini yake, ndipo akakaa. Akiletewa chai, alisubiri mama anywe kidogo kutoka kikombe kilekile.

"Unanishuku mimi, dada?" mama alimuuliza siku moja, akicheka bila kufurahi.

"Si wewe. Mimi nashuku kikombe."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliishuku mizani ya sokoni, akaushuku mkate uliokatwa tayari, akawashuku wahubiri wanaovaa miwani ya jua. Kiswahili changu, ambacho nilikipata sekondari upande wa Kenya, alikiita cha redio, na akanishuku kwa sababu yake. "Mtu nasema vizuri hivyo, iko na kitu anaficha." Mimi mwenyewe aliniita Digrii. "Digrii, kuja shika waya." "Digrii, shule ilikufundisha kushangaa?" Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "Nionyeshe." Ukimwambia umeosha mikono: nionyeshe. Ukimwambia umefaulu: nionyeshe. Nilipohitimu nilimpelekea cheti. Alikishika dhidi ya mwanga wa dirisha, akakigeuza nyuma, akakikwaruza muhuri kwa ukucha, halafu ndipo akanikumbatia.

Basi mtu wa namna hiyo anapokwambia ununue kitu, huwezi kukinunua tu. Unajiuliza yeye angenishuku vipi, kisha unamshuku yeye vilevile.

Nilianza na kazi yake. Nimemwona mara nyingi akisafisha, maana likizo nilikuwa ninamsaidia kubeba bomba na brashi. Wateja wake walikuwa mawakala wa forodha wenye ofisi za zulia jekundu, makanisa, gesti, na nyumba chache za watu wenye uwezo. Kila mahali alifuata utaratibu uleule. Alimtaka mwenye nyumba akae kitini ndani ya chumba hichohicho na atazame. Akimaliza, aliibeba mashine hadi uani, akatandika gazeti kukuu miguuni pa mwenye nyumba, akafungua kopo na kulipindua. Aligonga kitako chake kwa kiganja mara kadhaa. Vumbi jekundu la Busia liliruka, likampanda usoni. Macho aliyafumba, lakini mdomo hakuufumba kwa sababu alikuwa anaongea.

"Haya, mama. Vumbi yako hiyo. Angalia."

Na mwenye nyumba aliangalia kweli. Aliinama, akachokoa kwa kijiti: nywele, kucha, ushanga, kifungo cha shati. Matroni aliinua kopo juu, akaligeuza kwenye jua ili aonekane hajabakiza kitu. Kisha mwenye nyumba alikunja gazeti kwa mikono yake, akalipeleka chooni au kwenye moto. Matroni hakuondoka kabla ya kuona hilo limefanyika.

Nikiwa mwanafunzi niliona ni ujanja wa biashara, kama muuza nguo anayevuta kitambaa ili uone hakichaniki. Nilidhani anawaonyesha watu uchafu wao ili wamwite tena. Ilinipendeza. Sikujiuliza zaidi ya hapo, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Ajabu ni kwamba mashine hiyohiyo aliyoitumia aliitukana njia nzima. "Kopo ni kama bwana mzuri wa nje," alisema akiiburuta kwenye kokoto. "Anakuja hataki kitu. Hataki mahari, hataki kulishwa. Halafu akishaingia nyumbani, anakula wewe mwenyewe."

Na ni kweli ilimla, nilijionea. Kichujio chake kiliziba upesi kwa sababu vumbi letu ni laini, la barabara ya udongo lililosagwa na malori. Alikiosha kwenye bomba letu na kukianika juu ya ua wa michongoma. Alikuwa na viwili, kimoja kikikauka kingine kifanye kazi, lakini msimu wa mvua vyote viwili vilikaa vibichi na yeye akakaa nyumbani. Jumamosi moja alichoka kusubiri, akakitia kikiwa na unyevu, akaenda kusafisha kanisa. Kanisa zima likanuka mbwa aliyelowa hadi ibada ya kesho yake. Kingine alikikausha juu ya jiko la mkaa, kikajikunja kama jani. Kilango cha kopo kilipovunjika alikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na tangu siku hiyo mashine ikawa inavutia hewa pembeni na kupiga mluzi.

Na kulikuwa na kile kitu alichokitumia kuzuia mlango wake usijifunge. Kilikuwa cha mviringo, cha kijivu, kizito, kama andazi lililogeuka jiwe. Nilipokiuliza, alisema ni kichujio.

"Kichujio cha nini?"

"Cha mashine. Kuna mwanamke mmoja mjinga huko Tororo alisafisha nyumba karibu na kiwanda cha saruji. Vumbi ikajaa kichujio. Akaosha na maji." Alitazama pembeni. "Saruji na maji, Digrii. Hiyo hakuna haja ya chuo."

Nilicheka sana. Ndipo usiku nikakumbuka kwamba miaka hiyo hakukuwa na mwanamke mwingine aliyezunguka Tororo na mashine ya kufyonza vumbi.

Kwa hiyo hesabu ilionekana kuelemea upande wa mfuko. Gharama ya mfuko unaijua mapema: ukijaa unanunua mwingine, basi. Gharama ya kopo inajificha, halafu inakujia yote kwa pamoja siku ambayo huna. Ningeweza kuishia hapo, kama nisingezikumbuka shuka.

Matroni alishona mifuko ya mashine kwa shuka kuukuu. Alikata, akashona kwa mkono, akaweka mdomo wa kadibodi, na kuwauzia wachache wenye mashine za mfuko, maana mifuko halisi ilikuwa shida kupatikana. Alisema haiishi: unaufungua chini, unakung'uta, unaufua, unaurudisha. Ungedhani amemaliza ubishi wote wa gharama. Lakini mifuko ile ilikuwa na muhuri mwekundu wa shule yake ya zamani, ukiwa umekatwa katikati, na mimi niliuona. Shuka za shule zilifikaje nyumbani kwake? Halafu niliiona mashine ya kanisa moja iliyotumia mfuko huo. Kitambaa kilishika nywele na makombo, ila vumbi laini lilipita likaenda kwenye mota, na lililobaki likatoka nyuma na kutua kwenye mapazia. Walikuwa wakisafisha sakafu na kuchafua madirisha. Mwishowe mota iliungua, na Matroni alipoitwa aliinusa akasema umeme wa Uganda ni mbaya.

Sasa unaona nilipofika. Mwanamke anayetumia kopo ananishauri ninunue mfuko. Mwanamke huyohuyo anauza mifuko. Mifuko yenyewe ni mibovu, na huenda ni ya wizi. Je, alikuwa ananirithisha kazi au ananitafutia njia ya kumalizia shuka zake?

Nilivuka upande wa Kenya kwenda kwenye duka moja la bidhaa zilizotumika ng'ambo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kofia aliyeniita siz kabla sijasema lolote.

"Siz, chukua ya kopo. Mfuko ni stori ya zamani. Mifuko utatoa wapi, Busia hii?"

"Na vichujio nitatoa wapi?"

"Filta ni kuosha tu. Maji unalipia wapi wewe?"

"Umewahi kuiosha?"

"Mimi ni wa kuuza, siz."

Pembeni palikuwa na mashine ya mfuko, safi, imekaa hapo hadi bei yake imeandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Chini yake palikuwa na katoni ya mifuko ya karatasi ya aina hiyohiyo, kila mmoja una kizibo cha kufunga mdomo. Nikauliza mifuko ni kiasi gani.

"Ukibeba mashine, hiyo katoni nakupea."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho. "Aje kwa nini? Nakupea tu."

Nikaondoka mikono mitupu. Mtu anayekupa kitu bure anajua jambo usilolijua.

Mama alinikuta jioni nimekaa jikoni sijala. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mtamba wangu bado yuko kwenye bahasha?"

"Yuko, mama."

"Atakufia humo. Shida ni nini?"

Nikamweleza yote, kopo, mfuko, shuka, kijana wa duka. Alisikiliza hadi mwisho, na alichoniambia sikukitegemea.

"Kwani hujui kwamba Matroni alianza na mashine ya mfuko?"

Sikujua. Nilikuwa mdogo. Shule ilimzawadia mashine ya mfuko alipostaafu, mama alisema, nzuri, kimya, haikupiga mluzi wowote. Alisafisha nyumba moja, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, na mfuko ukiwa bado haujajaa, kwa sababu nani anatupa mfuko wenye nafasi? Vumbi la nyumba ya huyu lilikaa juu ya vumbi la nyumba ya yule, na yote yakatembea mjini ndani ya mashine ya Matroni, na usiku yakalala kwake.

"Hakuna aliyefikiria hilo," mama alisema, "mpaka mke wa yule mwenye duka la vitenge alipokosa wateja. Mtu mmoja akamuuliza, vumbi la mlangoni kwako linakwenda wapi?"

Walimwendea Matroni wanawake kadhaa kwa pamoja, mchana, mbele ya majirani. Hawakumtukana. Walisema tu: tupe vumbi letu. Na yeye, ambaye alizoea kusimama mlangoni mwa bweni na kuwaambia wasichana mia wafungue masanduku, alifungua mashine yake, akautoa mfuko, akauchana juu ya gazeti. Lakini ni nani angejua lipi la nani? Likatazamwa. Mmoja akasema nywele hizi ni za binti yangu. Mwingine akasema hapana, ni za kwangu. Mwishowe waligawana kwa kijiko.

"Kwa kijiko?"

"Kijiko cha chai. Mimi ndiye niliyekitoa," mama alisema, akaendelea kutupa maharage mabovu. "Wakaondoka nalo kila mtu kwenye kitambaa chake. Matroni akakaa pale kwenye ngazi, amenyoosha miguu na soksi zake nyeupe. Wiki haikuisha akaiuza ile mashine, akaja na hii ya kopo."

"Na alikuwa anafanya? Uchawi?"

Mama aliacha kuchambua. "Mwanangu, mtu akitembea na vumbi la nyumba yako, wewe utamuuliza anafanya au hafanyi?"

Nilikwenda Tororo kesho yake. Matroni alikuwa amepanga nyumba ndogo yenye umeme karibu na reli. Funguo zilikuwa kiunoni, soksi zilikuwa miguuni, andazi la saruji lilikuwa mlangoni. Kilichobadilika ni sauti. Ilikwaruza, na kila baada ya maneno machache alisimama akakohoa, kikohozi kikavu kisicholeta kitu. Nilipiga magoti kumsalimu kama tunavyofanya kwetu, na nilipoinuka nilikuwa nimeamua kuuliza yote kwa mkupuo, kabla ujasiri haujaisha.

"Ulitaka kuniuzia mifuko yako ya shuka?"

"Ndiyo." Hakupepesa. "Iko mingi. Kwani ni vibaya?"

"Ile mifuko inaua mota."

"Umeme wa Uganda naua mota."

"Na shuka zilikuwa za shule?"

"Zilikuwa zimekojolewa. Shule ikasema choma. Mimi nikafikiri, huu moto kweli umekosa kitu ya kula?" Akakohoa, akajipangusa. "Endelea, Digrii. Umekuja na mengi."

"Kwa nini unitume kwenye mfuko, na wewe mwenyewe ulifukuzwa kwenye mfuko?"

Nilidhani amekasirika kwamba mama ameniambia. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi akiiburuta mashine yake ya kopo, imejaa vumbi la nyumba yake mwenyewe. Alitandika gazeti kwenye uwanja, akaniwekea kopo mikononi. Kisha akarudi nyuma, akasimama ukutani, upande ambao upepo ulitoka, akaweka leso mdomoni.

"Mwaga."

Nikamwaga. Wingu likapanda likaniingia puani na kooni, laini, la kijivu, lenye ladha ya chuma. Nikakohoa.

"Gonga kitako."

Nikagonga. Likaja jingine.

"Sasa mwambie mteja hiyo ni vumbi yake. Ongea."

Nikafungua mdomo kuongea, na ndipo nikaelewa mdomo wake usiofumba ulikuwa ukimeza nini miaka yote. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka. Yeye hakuondoa leso.

"Sasa uliza tena," alisema.

Sikuuliza. Lakini njiani kurudi nilishuku hata hilo, kwa sababu ndivyo nilivyo. Tororo wapo wengi wanaokohoa ambao hawajashika mashine yoyote, kiwanda kinawapumulia. Zahanati ilimwambia akae mbali na vumbi, ndiyo maana aliacha kazi, lakini hakuna aliyemwambia ni vumbi gani lililomfikisha hapo. Hadi leo siwezi kuapa kwamba ni lile kopo. Huenda alinifanyia tamthilia ili ninunue mfuko, na baada ya mfuko ninunue shuka. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: kwamba alitaka kuniuzia, na kwamba hakutaka nikohoe.

Lililobaki lilikuwa lile la kijiko. Nikinunua mfuko, nitawaambia nini watu? Nikiwaachia mfuko kila nyumba kabla haujajaa, nitamaliza katoni upesi na faida yote itaungua kwenye mashimo ya taka ya watu. Nisipowaachia, siku moja watakuja mlangoni kwa mama. Nililifikiria hili nikiwa nimelala chali, malori yakinguruma, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kufikiria sana kulinisaidia. Mfuko si lazima uwe wangu. Mfuko unaweza kuwa wa mwenye nyumba. Anaununua kwangu, anakaa nao. Mimi naja na mashine tupu, naifungua mbele yake aone tumbo lake halina kitu, ananipa mfuko wake, nautumia kusafishia nyumba yake, nauziba kwa kizibo, namrudishia. Nikija tena ni uleule, hadi ujae. Ukijaa anauchoma mwenyewe. Vumbi halimwagwi, na halitoki langoni.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenye gesti kabla ya kwenda dukani. Ni mwanamke mnene anayeongea taratibu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile.

"Uchafu wa wageni wangu unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, mama. Utakaa nao wewe."

"Na wewe utaondoka na nini?"

"Na mashine. Utaifungua wewe mwenyewe uone."

"Nitaifungua," alisema, na sauti yake ilinionya kwamba ataifungua kila mara hadi mmoja wetu afe. Tukakubaliana nianze Jumatatu.

Basi nikavuka mpaka, nikatoa bahasha, nikanunua mashine ya mfuko. Kijana mwenye kofia alinipa katoni kama alivyoahidi. Niliifungua palepale nikahesabu na kukagua mifuko yote, na yeye akasema, "Siz, wewe uko sure hufanyi kazi kwa serikali?"

Jumapili, kabla ya kuijaribu mashine kwa mtu mwingine, niliipeleka Tororo. Matroni alikuwa na zulia moja, zawadi ya wasichana wa mwaka wake wa mwisho kazini, limetandikwa chumbani chini ya kitanda hadi mlangoni. Niliifungua mashine mbele yake. Alichungulia ndani, akatia mkono hadi kiwiko, akautoa, akautazama mkono.

"Tupu," alisema, kama anayelaumu.

Nikaweka mfuko mpya, nikaanza. Haikupiga mluzi. Alikaa kitandani, miguu ameiinua, akitazama kila nilipopita na kunionyesha kwa kidole pale niliporuka. Kwa muda wote huo hakukohoa, au alikohoa na mimi sikumsikia. Nilipomaliza nilimweleza mpango wangu: mfuko wa mwenyewe, kizibo, kurudisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Nionyeshe."

Nikaufungua mlango wa mashine, nikautoa mfuko, nikauziba. Ulikuwa umevimba kidogo tu, mwepesi. Nilifikiri ataucheka. Huyu ndiye aliyewatazama wanawake wakigawana vumbi kwa kijiko. Nilidhani kama kuna mtu mmoja katika wilaya zote mbili ambaye hajali vumbi lake linakokwenda, ni yeye. Nikaurudisha mkono nyuma ili niutie kwenye katoni, nikautupe nikifika nyumbani.

"Wewe." Sauti ilikuwa ya mlangoni mwa bweni. "Unapeleka wapi?"

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu.

Nikampa mfuko kwa mikono miwili. Aliupima, akauminya kizibo, akaunusa. Halafu akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akachagua ufunguo mmoja katika lile shada ambalo maisha yangu yote niliamini halifungui kitu, akalifungua sanduku, akaulaza mfuko ndani juu ya nguo zake, akafunga. Alivuta kufuli mara mbili kuhakikisha.

"Ukija tena utaupata hapa," alisema. "Nimeshapima uzito."

Jumatatu nilikuwa gesti kabla wageni hawajaamka, mwenye gesti amekaa kitini, na mashine imefunguliwa mbele yake, tupu.